Ngozi ya Chura, Moto wa Kongosho

Kwa Kiswahili, viungo vya ndani vina kazi mbili: moja mwilini, nyingine mdomoni. Moyo unapenda, unavunjika, unakazwa. Maneno makali hukata maini. Mtu akituudhi vya kutosha, ametutumbukia nyongo. Hata utumbo una nafasi yake, maana anayeropoka huambiwa anaongea utumbo. Lakini kongosho je? Halina methali, halina tusi, halina hata mstari mmoja katika nyimbo za mapenzi. Wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza shuleni, kwenye somo la kisukari, tukalisahau baada ya mtihani.

Kiungo hiki kimejificha nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, kirefu kama kiganja cha mkono na vidole vyake. Kila siku hutoa zaidi ya lita moja ya maji yenye vimeng'enya, yaani kemikali zinazovunja nyama, mafuta na wanga ili mwili uvitumie. Hebu fikiria hapo kidogo. Kongosho lenyewe ni nyama na mafuta. Linatengeneza kitu kinachoweza kulila, na siku zote linakitoa nje salama. Siku likishindwa, ndipo mtu anapopata maumivu ya ghafla chini ya kifua, yanayochoma hadi mgongoni, na kutapika kusikokoma. Madaktari wanauita ugonjwa huo pankreatitisi kali ya ghafla. Visababishi vyake vikuu viwili tunavijua sote, ila hatukuvidhania: vijiwe vya nyongo na pombe.

Ugonjwa huu hauna dawa yake mahususi. Dripu ipo, dawa ya maumivu ipo, lakini kidonge au sindano ya kuzima moto wenyewe, hakuna. Si ati hakuna aliyejaribu. Wamejaribu kwa zaidi ya miaka 100, na mojawapo ya majaribio ya karibuni imetoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia: kwenye homoni ya usingizi.

Kwa Wagiriki wa kale, kongosho lilikuwa nyama tu. Herofilo, tabibu wa Aleksandria aliyepasua maiti miaka 300 hivi kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kulieleza. Jina lake la Kigiriki lina maana ya "nyama tupu", kwa sababu halina mfupa wala gegedu. Karne nyingi zilipita watu wakiamini kwamba kazi yake ni kuwa mto wa kuegemea tumbo.

Mwaka 1642, huko Padua, Italia, Mjerumani Johann Georg Wirsung alipasua maiti ya mtu aliyenyongwa kwa kosa la jinai, akaona mfereji mwembamba ukipita katikati ya kongosho lote. Aliuchora kwenye bamba la shaba, akatuma nakala kwa wataalamu wa Ulaya akiwauliza: huu ni mshipa wa aina gani, na unabeba nini? Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, alipigwa risasi akafa bila kupata jibu. Mfereji unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Jibu lilipatikana Paris miaka 200 baadaye. Claude Bernard alionyesha kwamba maji ya kongosho huyeyusha mafuta ya chakula. Kisha akafanya jaribio la kutisha: aliingiza nyongo na mafuta ya zeituni kwenye mfereji wa kongosho la mbwa, na kongosho likawaka. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameutengeneza ugonjwa huu makusudi ili aueleze.

Baadaye kidogo ugonjwa ukapata maelezo kamili. Mwaka 1889, Reginald Fitz wa Boston, yule yule aliyekuwa ameupa ugonjwa wa kidole tumbo jina lake miaka mitatu kabla, alikusanya habari za wagonjwa waliokufa kwa kongosho kuvimba, akaeleza dalili zake kiasi kwamba daktari angeweza kuutambua mgonjwa akiwa hai. Mwaka 1896, Hans Chiari wa Prague alisema wazi kilichokuwa kikishukiwa: kongosho linajila lenyewe. Na mwaka 1901, Eugene Opie wa Baltimore alipasua maiti akakuta kijiwe kidogo cha nyongo kimekwama pale ambapo njia ya nyongo na ya kongosho zinakutana kabla ya kuingia kwenye utumbo. Kijiwe kidogo namna hiyo kilikuwa kimemuua mtu mzima.

Sasa ukishajua adui ni nani, unafanya nini? Madaktari wapasuaji walikuwa na jibu moja: kisu. Fitz mwenyewe alionya mwaka 1889 kwamba kumpasua mgonjwa mapema ni hatari, lakini baadaye akabadili msimamo. Mwaka 1925, Moynihan, mpasuaji mashuhuri wa Uingereza, aliuhesabu ugonjwa huu kuwa janga la kutisha kuliko yote yanayoweza kulipata tumbo, na akataka wagonjwa wapasuliwe. Walipasuliwa, na wengi wakafa.

Kilichopunguza visu hivyo kilikuwa kipimo cha damu. Mwaka 1929, Robert Elman na wenzake huko St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho amilesi hupanda kwenye damu kongosho linapovimba. Kabla ya hapo, ugonjwa ulithibitishwa tumbo likiwa wazi au mtu akiwa maiti. Baada ya hapo, madaktari wakaanza kuwaona wagonjwa ambao wasingewaona kamwe: wale wa hali ya kadiri, waliolala wodini siku chache wakapona bila kuguswa na kisu. Kumbe wagonjwa 8 hivi kati ya 10 hupona hivyo. Shida ni wale wawili waliobaki.

Kwa hao wawili, moto haubaki kwenye kongosho. Kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho kwa kawaida husafiri kikiwa kimefungwa na kufunguliwa kwenye utumbo tu, hufunguka kikiwa bado ndani ya seli. Seli zinapasuka. Seli nyeupe za damu zinakuja mbio kama askari walioitwa kwa fujo, na wakifika wanarusha kila walicho nacho, zikiwemo molekuli za oksijeni zenye hasira ziitwazo radikali huru. Hizi hushambulia chochote zinachokutana nacho. Mishipa ya damu inaanza kuvuja, maji ya mwili yanahamia yasikotakiwa, shinikizo la damu linaanguka. Kisha mapafu, kisha figo. Mtu aliyekuja na maumivu ya tumbo anaishia kwenye mashine ya kupumulia.

Hapo ndipo wazo likazaliwa: kama haya yote yanapita kwenye radikali huru, tukizizima je? Mwaka 1984, Hilary Sanfey na wenzake huko Baltimore walitumia makongosho ya mbwa yaliyotolewa mwilini na kuendeshwa kwa mashine. Walipoyapa vimeng'enya vinavyozima radikali huru, uharibifu ulipungua. Kuanzia hapo neno antioksidanti likaingia rasmi katika historia ya kongosho.

Tuliache kongosho kidogo tupande kichwani, kwa sababu antioksidanti tunayoifuata ilikuwa huko ikingoja.

Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo yenye umbo kama tunda la msonobari, na jina lake, pineali, limetokana na tunda hilo. Mwanafalsafa Descartes, katika karne ya 17, aliipa cheo kikubwa kuliko viungo vyote: aliamini ndiyo makao ya roho. Wanasayansi waliomfuata hawakuiona roho, wala hawakuona kazi nyingine yoyote. Mwaka 1917, McCord na Allen, Wamarekani, waliwalisha viluwiluwi wa chura tezi za pineali za ng'ombe. Baada ya nusu saa hivi, ngozi za viluwiluwi zikapauka hadi viungo vya ndani vikaonekana.

Habari hiyo ilikaa miaka 40 kabla ya kumfikia mtu mwenye sababu ya kuijali. Aaron Lerner alikuwa daktari wa ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale. Alitaka kuelewa rangi ya ngozi na magonjwa yake, hasa vitiligo, ugonjwa unaoacha mabaka meupe. Akaagiza tezi za ng'ombe kutoka machinjioni, maelfu kwa maelfu, akazichuja na kuzichuja, na kila hatua akijaribu mchujo wake kwenye ngozi ya chura. Mwaka 1958 akatangaza jina: melatonini. Dawa ya vitiligo haikupatikana. Lakini homoni ya usiku ikawa imejulikana. Damu huwa na melatonini nyingi gizani na kidogo mchana, na mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba hata kwa binadamu, taa kali ya usiku inaikata.

Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa Kisovieti, Raikhlin na Kvetnoy, waliikuta melatonini mahali pengine kabisa: kwenye utando wa utumbo. Leo inajulikana kwamba utumbo una melatonini nyingi mno kuliko tezi ya pineali yenyewe. Swali likawa, utumbo unataka nini na homoni ya usingizi? Utumbo haulali.

Mwaka 1993, huko San Antonio, Texas, Dun-Xian Tan, Russel Reiter na wenzao walitoa jibu moja linalowezekana. Melatonini, walionyesha, huidaka radikali ya haidroksili, iliyo kali kuliko karibu zote, na kuizima. Ni molekuli ndogo, inapita kwenye maji na mafuta, inaingia ndani ya seli bila kuomba ruhusa. Kwa mtu aliyekuwa akitafuta cha kuzima moto wa kongosho, sifa hizo zilikuwa kama barua ya maombi ya kazi.

Ila ili ujaribu dawa, unahitaji ugonjwa. Na hapa chura anarudi.

Vittorio Erspamer alikuwa Mwitaliano aliyetumia maisha yake kutafuta kemikali katika ngozi za wanyama. Ndiye aliyeigundua kwanza, kwa jina jingine, kemikali tunayoiita serotonini leo, ambayo mwili huitumia kutengeneza melatonini. Miaka ya 1960, yeye na wenzake walichukua ngozi ya chura wa kijani wa Australia wakapata kitu walichokiita seruleini. Seruleini inafanana na homoni ya utumbo inayoliamuru kongosho litoe vimeng'enya. Ukimpa panya kiasi kikubwa, kongosho lake linaamriwa kupita uwezo wake, na baada ya saa chache linavimba. Mwaka 1977, Lampel na Kern walieleza njia hiyo kwa panya, na maabara duniani kote zikaipokea kwa sababu ni rahisi na haimuui mnyama.

Ngozi ya chura ndiyo iliyotuonyesha melatonini, na ngozi ya chura mwingine ndiyo iliyotupa ugonjwa wa kuijaribia. Mwaka 1999, kundi la Texas lilichapisha matokeo: panya waliopewa seruleini pamoja na melatonini walivimba kongosho kidogo, na mafuta ya seli zao hayakuharibika sana. Huko Krakow, Poland, Jolanta Jaworek, Stanisław Konturek na wenzao waliendelea kwa miaka. Mwaka 2003 walionyesha kinga hiyo hiyo, hata ugonjwa ulipotokana na kongosho kukatiwa damu na kurudishiwa. Mwaka 2004 walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba ukali wa ugonjwa unategemea saa: uliochochewa usiku, melatonini ikiwa juu, ulikuwa hafifu kuliko wa mchana, na panya walioondolewa tezi ya pineali waliumia zaidi.

Ukifika hapo unauliza, kama mimi nilivyouliza: basi mbona haiko wodini? Melatonini ni ya bei nafuu. Marekani inauzwa dukani kama virutubisho. Hapa kwetu, mtu akitafuta mtandaoni ataipata hata kwa sura ya peremende.

Jibu la kwanza ni saa. Katika mengi ya majaribio yale, panya alidungwa melatonini kabla ya seruleini, nusu saa hivi. Mtafiti alijua moto utawaka saa ngapi kwa sababu kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Mgonjwa hana bahati hiyo. Maumivu yanamwanza usiku, anameza dawa za vidonda vya tumbo akidhani ni vidonda, anangoja kupambazuke, anatafuta nauli na mtu wa kumsindikiza. Anapofika hospitali, tripsini ilishafunguka zamani na seli nyeupe ziko katikati ya kazi. Kuzuia na kuzima ni kazi mbili tofauti.

Jibu la pili ni kiasi. Panya walipewa dozi zinazofika miligramu 10, hata 50, kwa kila kilo ya uzito. Hata ukitumia kanuni za wataalamu za kupunguza dozi ya panya ili ilingane na mwili wa binadamu, 10 hizo kwa mtu wa kilo 70 zinazidi miligramu 100. Kidonge cha usingizi kwa kawaida kina 3 au 5. Anayefikiri peremende zake zitalinda kongosho lake wikendi hii baada ya chupa kadhaa, ajue hakuna jaribio lililosema hivyo.

Jibu la tatu ndilo zito. Kongosho limekwisha kuwaaibisha wengi waliokuja na dawa nzuri za maabara. Aprotinini, inayoifunga tripsini, ilionekana kuwa jibu dhahiri. Jaribio kubwa la Uingereza mwaka 1977 halikuona faida. Leksipafanti, iliyozuia ujumbe wa kuchochea uvimbe, ilipimwa kwa wagonjwa 290, na mwaka 2001 ikatangazwa kushindwa. Antioksidanti zenyewe zilipata nafasi huko Manchester: wagonjwa 43 wa hali mbaya waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa vitamini C, seleni na asetilisisteini kwa mshipa, wengine wakapewa kisicho dawa. Matokeo yalipotoka mwaka 2007, antioksidanti hazikuwa zimesaidia.

Kisha kuna Uholanzi, mwaka 2008. Madaktari waliwapa wagonjwa bakteria wazuri, wale wale wa kwenye maziwa ya mgando, ili kuwazuia bakteria wabaya wasivuke kutoka kwenye utumbo. Nani angeogopa kitu kama hicho? Waliopewa bakteria walikuwa 152, walikufa 24. Wasiopewa walikuwa 144, walikufa 9. Kitu ambacho kila mtu alidhani hakina madhara kiliambatana na vifo zaidi ya mara mbili. Bila kuwagawanya wagonjwa kwa bahati nasibu na kuwahesabu, bakteria wale wangekuwa wakitolewa hadi leo, kwa nia njema kabisa, na kila aliyekufa angesemwa ameuawa na ugonjwa.

Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba melatonini ni wazo zuri ambalo bado si dawa ya kongosho. Hakuna jaribio kubwa kwa binadamu lililothibitisha kwamba inaokoa mgonjwa wa pankreatitisi. Na jaribio kubwa lina gharama. Molekuli iliyotangazwa mwaka 1958, ambayo kila kiwanda kinaweza kuitengeneza, haimtajirishi mtu kiasi cha kulipia mamia ya wagonjwa katika hospitali kadhaa. Dawa inaweza kukwama kwa sababu haifanyi kazi. Inaweza pia kukwama kwa sababu hakuna anayefaidika kwa kutuambia kama inafanya kazi. Kwa mgonjwa aliye kitandani hali ni ile ile, lakini kwetu sisi tunaosoma historia yake, tofauti hiyo ni kubwa.

Wakati huo huo, mambo yaliyopunguza vifo ni ya kawaida mno. Mgonjwa anapewa maji kwa mshipa, lakini kwa kiasi: mwaka 2022, jaribio la wagonjwa 249 lilisimamishwa mapema kwa sababu waliomiminiwa maji mengi walilemewa nayo, asilimia 20.5 dhidi ya 6.3. Zamani alinyimwa chakula ili kongosho lipumzike. Siku hizi analishwa mapema akiweza, kwa sababu utumbo wenye njaa huachia bakteria. Kijiwe kikiwa kimekwama, kinatolewa. Na kongosho likioza, madaktari hawakimbilii kisu: jaribio la Uholanzi la mwaka 2010 lilionyesha kwamba kuanza na mrija wa kunyonya usaha, na kupasua baadaye ikibidi tu, kulipunguza matatizo makubwa na vifo kutoka asilimia 69 hadi 40.

Kwa hiyo ukipata maumivu yale, chini ya kifua, yanayopenya hadi mgongoni na kukukunja, usiyaite vidonda ukalala nayo hadi asubuhi. Watafiti wa Krakow walikuwa na nusu saa kabla ya moto. Wewe una saa chache baada yake, na hizo saa hazihitaji homoni. Zinahitaji mtu wa kukupeleka hospitali, dripu iliyopimwa, na daktari anayekumbuka kuagiza kipimo kilichoanza kutumika mwaka 1929.